Skripti ya Python inayochelewa: anza na hiyo orodha

Ndugu, unasema skripti yako inalinganisha faili mbili za namba za simu za wateja, mistari 50,000 kila moja, na inachelewa hadi unataka kununua kompyuta mpya. Usinunue. Tatizo ni mstari huu: `if namba in wateja`. Kwa kuwa `wateja` ni list (orodha ya kawaida ya Python), Python inaikagua namba moja baada ya nyingine tangu mwanzo. Namba isiyokuwemo inalinganishwa mara 50,000. Kwa faili zima unaweza kufika mara bilioni 2.5!

Andika `wateja = set(wateja)` mara moja tu, kabla ya kitanzi (loop) kinachopitia namba. Set, yaani mkusanyiko usio na marudio, hutumia hashi (namba inayokokotolewa kutokana na kitu chenyewe), hivyo huenda karibu moja kwa moja pale namba inapopaswa kuwa. Kumbuka set haitunzi mpangilio na huondoa marudio. Pia sawazisha namba kwanza, maana kwa Python, namba inayoanza na 0712 na ileile ikianza na +255712 ni vitu viwili tofauti.

Halafu hayo majina ya vigeu (variables) kwenye skripti yako, `x2` na `data3`, tafadhali yabadilishe. Ukiandika `namba_za_jana`, mwenzako ataelewa bila kukupigia simu. Ikiendelea kusuasua, endesha `python -m cProfile` (hupima kila sehemu inatumia muda gani) pamoja na jina la faili la skripti, utuwekee matokeo hapa.