Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ratiba ya Desemba

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza, tukija kwako ughaibuni Krismasi hii, utupangie matembezi gani ili siku kumi na nane zisituchoshe kwenye baridi hiyo. Tangu nisome swali lako simuwazi mwingine ila bibi yako, ule mwaka alipotutembelea tulipokuwa tunaishi huko, wewe una miaka minne.

Nilimbandikia ratiba kwenye friji, asubuhi hadi usiku. Siku ya pili, saa kumi jioni, akaona giza limeingia, akaanza kutandika kitanda. Akauliza jua limekwenda wapi. Nikachukua mpira wako na taa ya mezani, nikauinamisha, nikamweleza kwamba dunia imeinama nyuzi 23.5 hivi, na Desemba upande wa kaskazini hulipa jua kisogo; ndiyo maana tarehe 21 au 22 mchana huwa mfupi kuliko siku zote. Akaugusa mpira kwa chini: "Na hawa wa huku?" Kwao ndiyo kiangazi, mama. Alivyocheka! Akamwita mama yako aje aone.

Siku ya tatu nikamkuta anapiga pasi nguo zako. Nikamnyang'anya ile pasi. "Mama, wewe mgeni, pumzika." Akakaa, mikono mapajani. Mpaka anaondoka hakugusa tena kitu. Akishikwa na kiu, aliomba maji. Mama yangu, kuniomba mimi maji!

Nimekwambia mara nyingi, na leo narudia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hiyo kumfukuza mgeni. Mimi naisikia vingine kabisa. Aliyepewa jembe amehesabiwa wa nyumbani.

Lakini tena najibishana mwenyewe. Umefanya kazi mwaka mzima ukatuwekea likizo yako. Una haki ya kutuonyesha nchi unayoishi. Na bibi yako huyohuyo, zile taa za mjini tulizompeleka kuziona, alizisimulia miaka na miaka. Huenda ratiba haikuwa na kosa, kosa likawa lile neno. Sina hakika. Hapana, ninayo hakika: ni lile neno, "mgeni", ndilo linalonichoma hadi leo.

Kwa hiyo sitakuambia ufute matembezi. Nyumba ni yako, mpangaji ni wewe. Nilikuwa nimeshaandika hapa idadi ninayoona inatosha, nikaikata.

Viatu vya kutembelea kwenye barafu umesema utatununulia hukohuko. Mama yako anavaa namba 39. Na soksi za mjukuu wangu zilizotoboka usizitupe. Ziweke pamoja na sindano na uzi mahali mama yako atakapoziona bila kuomba.

Baba yako