Nikivuta kichwa kinagonga, nikiacha kinagonga zaidi

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Arusha, miaka 26. Navuta bangi tangu nilipomaliza kidato cha nne: kijiti kimoja asubuhi kabla ya kwenda kijiweni, viwili usiku. Siku hizi nikivuta, kichwa kinagonga mbele. Nilijaribu kuacha, siku ya pili kikagonga zaidi, usingizi hakuna, jasho tele. Washkaji wanasema ni dalili kwamba mwili unaihitaji. Panadol nameza karibu kila siku. Je, ni bangi au ni helmeti?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Helmeti tuimalize kwanza. Ikibana inaumiza kweli, lakini ukiivua maumivu hutulia ndani ya saa moja. Yako yanakufuata hadi kitandani.

Bangi inaweza kuleta maumivu ya kichwa. THC, kemikali inayokupa stimu, huupeleka moyo mbio na kutanua mishipa ya damu, na moshi wenyewe una monoksidi ya kaboni. Kama unachanganya na tumbaku, hukuniambia, nikotini nayo ina arosto yake, yaani mateso ya mwili ukiacha ulichozoea.

Sasa hao washkaji. Kwa anayevuta kila siku, arosto ya bangi huanza siku ya 1 hadi ya 3 baada ya kuacha, hukolea ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua kufikia wiki ya 2, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi. Kichwa, jasho, hasira za bure, chakula hakipiti, ndoto za ajabu: yote ni mlolongo mmoja. Wewe ulirudi kijitini hata kilele hujakifika. Ukivuta tena, hicho cha arosto kinatulia, ndiyo maana unaiona bangi kuwa dawa, na safari inaanza upya.

Panadol nayo punguza. Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaweza kukuzalishia maumivu ya kichwa. Siku mbili kwa wiki zinatosha.

Usiende kuomba methadoni. Hiyo ni dawa ya walioathirika na heroini. Kwa bangi kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha, na kupunguza kwa mpango. Anza kuondoa kijiti cha asubuhi, ambacho sielewi unawezaje kupakia abiria baada yake. Chai au kahawa usiikate wiki hiyohiyo, maana nayo ikikatwa ghafla kichwa huuma. Halafu kapime presha, macho na malaria, na anayekupima mwambie ukweli kuhusu bangi.

Lakini kichwa kikilipuka ghafla, kwa dakika moja tu kikawa kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, au ulimi ukawa mzito, mkono ukafa ganzi, shingo ikakakamaa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Bangi imo kati ya vitu vinavyoweza kubana mishipa ya ubongo ghafla. Na pikipiki aendeshe mwenzako.