Jibu: Elgon kwa gia za 53/39? Acha kabisa

Hapana. Umeandika kwamba mnapanda mlima Elgon kwa baiskeli Desemba, Mbale hadi Kapchorwa na kurudi, na kwamba utabaki na gia za mbele za meno 53 na 39, nyuma meno 11 hadi 25, kwa sababu rafiki yako kakwambia gia nyepesi "ni za wazee". Nilipofika hapo nikajikuta nimeshika goti langu la kushoto. Mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Aliyeniambia tulikuwa tunamwita kocha pale kundini kwetu Kampala. Cheo alijipa mwenyewe. "Kanyaga gia nzito, mguu utazoea." Nikakanyaga. Miezi mitatu napanda Kololo na Muyenga nimesimama juu ya pedeli kama mtu anayepampu maji kisimani. Vilima vile vinaisha kwa dakika mbili tatu, basi unajiona una nguvu. Kumbe unakopa, na goti linaandika.

Kapchorwa si Kololo. Kutoka Mbale, mita 1,100 na kitu, mnakwenda tambarare, mnacheka, mnapiga picha. Mkishapita Muyembe barabara inaanza kupanda, na haikuachii mpaka Sipi, karibu mita 1,800. Sasa piga hesabu ambayo kocha hakuipiga. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika lazima uwe unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, mtu wa kilo 70 kama mimi (haya, 78) ni shida kuushika mwendo huo kwa muda mrefu. Cheptegei, yule bingwa wa mbio ndefu, ni mtu wa huko, labda yeye. Wewe utashuka hadi kilomita 7, na hapo pedeli zinazunguka mara 36 tu. Kila mzunguko ni kupanda ngazi na gunia la mahindi mgongoni.

Mimi goti liliniambia "basi" hata maporomoko ya Sipi sijayaona. Maumivu chini kidogo ya pia ya goti, kama msumari. Nikaendelea, maana kocha alikuwa mbele anapiga mluzi. Mzee mmoja anayesukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya matoke akanipita. Kwa miguu! Akanigeukia kwa huruma: "Pole sana, ssebo," yaani bwana. Nimesamehe mengi maishani, ile pole bado. Nilimalizia safari nyuma ya pikapu iliyobeba kabichi, kisha miezi miwili sikupanda baiskeli, ngazi za nyumbani nazishuka kinyumenyume. Kocha alipoulizwa akasema sikufanya mazoezi ya kutosha.

Kwa hiyo gia kwanza, mazoezi baadaye. Tafuta meno 34 mbele na 32 nyuma: machache mbele, mengi nyuma, ndiyo gia nyepesi. Kwa hizo, kilomita 8 kwa saa zinakupa mizunguko ile ile 60, na unapanda umekaa, unapumua, hata salamu unaitikia. Ila angalia usiibiwe kama nilivyoibiwa mara ya pili: 34 haiingii kwenye krenki (ule mkono wa pedeli unaoshika gia za mbele) ya 53/39 ya kizamani. Matundu ya bolti ya ile ni duara la milimita 130, ya 34 ni 110. Fundi akikwambia "tutapiga nyundo kidogo", chukua baiskeli yako uondoke. Unabadilisha krenki nzima. Na kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, kikiwa kifupi, 32 inaweza kukishinda. Cheni nayo huenda ikahitaji kurefushwa. Fanya sasa, si wiki ya safari, ili miguu ifanye mazoezi na gia itakayopanda nayo. Mizunguko ikishuka chini ya 60 na huna gia nyingine ya kushukia, gia hiyo si yako, hata kama umeinunua.

Uliuliza pia wiki ngapi za mazoezi, chakula, na kitu fulani kuhusu matairi. Wenzangu watakujibu, mimi nimeshachemka. Wewe nenda ukahesabu meno ya ile gia kubwa kabisa ya nyuma, kwa kidole, uandike namba hapa kabla hujalipa nauli ya Mbale. Na huyo rafiki yako, muulize yeye mwenyewe ana meno mangapi nyuma. Kocha wetu alikuwa na 32. Niliziona nikiwa kwenye kabichi.