Paa kwanza, rangi baadaye: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Tangu masika yaanze, ujumbe mwingi ninaoletewa unahusu madarasa ya zamani yanayovuja. Nimefanya kazi ya ujenzi maisha yangu yote, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, kwa hiyo nayajibu kama fundi na kama mzazi.

Shikamoo mzee. Darasa la mwanangu linavuja. Tumeambiwa kila mzazi atoe elfu kumi, na asiyetoa mwanawe asiingie darasani. Nina watatu shuleni hapo. Ni halali? (Mama wa Makorora)

Marahaba mwanangu. Kumzuia mtoto kuingia darasani kwa sababu ya mchango si halali. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Wapeleke wanao wote watatu kesho asubuhi. Wakirudishwa, nenda kwa Mtendaji wa Kata, na pale ikishindikana, kwa Afisa Elimu.

Ila nakuomba usimwone mwalimu mkuu kuwa adui. Serikali hutenga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 huzuiwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Shule ya watoto 600 hupata 3,600,000 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Hizo hizo ndizo za chaki, karatasi za mitihani, michezo na ukarabati. Paa likianza kuoza, laki tatu haimtoshi.

Ukijaliwa kuchangia, changia. Kabla ya kutoa, taka kuona karatasi inayosema bati ngapi, geji (unene wa bati) ngapi, mbao ngapi, fundi analipwa nini. Uamuzi uwe wa mkutano wa wazazi wenye muhtasari, fedha iingie akaunti ya shule na upewe risiti. Kama karatasi hiyo haipo, subiri mpaka iandikwe.

Mimi ni mjumbe mpya wa kamati ya shule huku Pongwe. Majengo yetu ni ya miaka ya sabini. Tuanzie wapi, na fedha tuziombe wapi? (Mjumbe)

Hongera, na pole. Majengo mengi ya rika hilo yalijengwa haraka, kwa nguvu za wananchi, wakati wa kampeni ya elimu kwa wote iliyofikia kilele mwaka 1977. Watu walijitolea kwelikweli. Msingi ulichimbwa mfupi, tofali likafyatuliwa kwa kilichokuwapo, na leo jengo lina karibu miaka 50.

Anzeni kwa kulikagua kila darasa kwa daftari na simu yenye kamera. Mwende siku ya mvua, kwa sababu siku ya jua paa bovu na paa zima yanafanana. Tazameni mambo matatu. La kwanza ni maji yanapoingia: misumari iliyolegea, kofia ya paa iliyong'oka, bati lililoliwa na kutu. La pili ni mbao za kenchi, fremu inayobeba paa. Chomeni kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wameshakula. La tatu ni lenta, boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Ukiona ufa unaokwenda mlalo sambamba na nondo, zege linabanduka na rangi ya kutu inachuruzika, nondo imevimba ndani. Huku pwani hilo ni kawaida, hasa pale mchanga ulipochotwa ufukweni, maana chumvi inaitafuna nondo. Darasa lenye lenta ya namna hiyo watoto watolewe siku hiyo hiyo, hata kama watasomea chini ya mwembe.

Kisha mwiteni mhandisi wa halmashauri aandike makadirio. Hapa ndipo shule nyingi zinapopoteza mwaka. Barua inayosema "tunaomba msaada, majengo yetu ni chakavu" haina pa kuingizwa kwenye bajeti. Yenye picha, vipimo na gharama ya kila darasa inayo. Ipitishwe mkutano wa mtaa au kijiji, iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, iende halmashauri, na iwe imefika kabla ya bajeti kuanza kupangwa, mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkigonga mlango mwezi Mei, mnaambiwa mwakani.

Fedha zina milango kadhaa. Upo mgao wa maendeleo kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Upo Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Upo Mfuko wa Elimu chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania. Na ipo miradi mikubwa ya serikali, kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari.

Sasa niseme linaloniuma. Mwaka 2021, kwa mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila moja. Lilikuwa jambo jema, watoto walikuwa wamebanana. Lakini darasa jipya lina mgeni rasmi na utepe wa kukata, na kenchi iliyobadilishwa haina. Kwa hiyo utaona shule ina madarasa mawili yanayong'aa na sita yanayovuja. Ninyi wajumbe mna kazi ya kuisema hiyo sita kila kikao, mpaka iingie kwenye muhtasari.

Fedha ikija, mara nyingi itakuja kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa karibu. Undeni kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mtu mmoja asikae kwenye mbili. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayehesabu mifuko ikishushwa.

Mamlaka ya maji, Tanga UWASA, waliuza hatifungani (hati za mkopo) wakapata fedha za maji. Kwa nini jiji lisiuze ya shule? (Msomaji, Raskazone)

Swali zuri. Mwaka 2024 mamlaka ile iliuza hatifungani ya kijani (ya miradi ya mazingira) ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Iliwezekana kwa sababu maji yanalipiwa: bili ya kila mwezi ndiyo inayomrudishia mwenye fedha fedha yake. Darasa halina bili, na tusitake liwe nayo. Ukikopa bilioni moja kwa riba hiyo, riba peke yake ni milioni 135 kila mwaka, na zitatoka kwenye ushuru wa soko na leseni za biashara, humo humo zinamotoka fedha za zahanati. Halmashauri inaruhusiwa kisheria kukopa kwa idhini ya waziri, lakini mimi kwa ukarabati nisingeanzia huko.

Darasa letu ni jengo la kale, kuta nene za mawe. Kila tukipiga plasta ya saruji inabanduka. Fundi anataka tubomoe. (Mwalimu, Tanga mjini)

Mwalimu, nakusihi msibomoe. Hizo ni kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unapita ukutani na kutokea nje kwa kupumua. Saruji inaziba pumzi hiyo. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inaisukuma na kuidondosha. Mnaongeza saruji, jiwe linazidi kuoza.

Toeni plasta yote ya saruji kwa tindo na nyundo ndogo. Acheni ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi. Kisha pigeni lipu ya chokaa iliyolowekwa vizuri na mchanga wa mtoni, na juu yake chokaa badala ya rangi ya mafuta. Mawe ya chokaa si mageni kwetu; mapango ya Amboni yenyewe yametoboka ndani ya mawe hayo. Mafundi wanaoijua kazi hii ni wazee, wachache, na ningependa mkimpata mmoja mumpe vijana wawili wa kumbebea ndoo ili wajifunze. Na kabla ya kugusa chochote, waandikieni watu wa Mambo ya Kale.

Niliwahi kuona shule moja ikipakwa rangi nzuri ya buluu mwezi Desemba, paa likiachwa vilevile. Masika yalipopita, buluu ilikuwa imeshuka sakafuni na watoto wanaikanyaga.

Paa letu ni la karatasi ngumu za kijivu, wanasema ni asbesto. Tuzing'oe wenyewe? (Kamati, Duga)

Hapana. Asbesto ikivunjwa hutoa vumbi linaloingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Msizitoboe, msizivunje, msifagie vipande vikiwa vikavu. Mwambieni Mkurugenzi wa halmashauri na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Zitolewe wakati wa likizo, zikiwa zimelowanishwa, na watu wenye barakoa maalumu, kisha zifukiwe mahali palipoidhinishwa.

Sisi tuliosoma Ngamiani zamani tupo Dar, tumekusanya milioni nne. Tunataka kupaka shule rangi na kuandika jina la kundi letu ukutani. Unashauri nini? (Mhitimu)

Mungu awalipe. Muulizeni mwalimu mkuu maji ya paa yanadondokea wapi. Kama yanaanguka kwenye msingi, milioni nne zenu ziende kwenye mifereji ya bati, tangi la kuvunia maji na simiti ya kuzunguka jengo ili msingi usiliwe. Zikibaki, ongezeni matundu ya choo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule yenu nina hakika haijafika. Kazi ifanyike Juni, masika yakishapita na watoto wakiwa likizo. Jina lenu liandikeni kwenye tangi.