Fundi anataka abadilishe masega. Nimpe hela?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Iringa, nina Toyota IST ya mwaka 2004. Mwezi uliopita nikitoka Morogoro taa ya injini iliwaka. Tulipoanza kupanda Kitonga ikawa inawaka na kuzima, gari likatetemeka, nikikanyaga mafuta haliitiki. Tulipofika juu taa ikatulia, ila haijazima hadi leo. Fundi wa hapa amelipima kwa mashine, zikatoka P0302 na P0420. Anasema masega yamekufa na kontroli boksi imechoka, vyote 1,600,000. Masega ya zamani atachukua yeye. Hela hiyo sina bila kukopa. Nifanyeje? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwalimu wangu, pole sana. Usikope kwanza.

P0302 maana yake silinda namba 2 inamisi. P0420 maana yake masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, hayasafishi inavyotakiwa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijatajwa popote hapo, kwa hiyo muulize ameipima kwa kitu gani.

Silinda ikimisi, petroli yake haiungui. Inatoka mbichi, inakwenda kuungulia ndani ya masega, nayo yanapata joto hadi yanaweza kuyeyuka. Ndiyo sababu ya taa kuwaka na kuzima pale Kitonga. Siku nyingine ukiiona hivyo, toa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama, simama. Ikiwaka tu bila kuzimazima, unaweza kwenda gereji taratibu. Sasa ukifunga masega mapya wakati silinda 2 bado inamisi, utayaua na hayo.

Anzeni na silinda 2, na wewe usimame hapo uone. Juu ya injini ya IST kuna koili nne za kupeleka umeme kwenye plagi, kila plagi na yake, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Ya silinda 2 ni ya pili ukihesabu kutoka upande wa mkanda. Fundi aihamishie silinda 3, ile ya 3 aipeleke 2. Soketi ya waya aibonye polepole. Plastiki ikizeeka inavunjika mkononi. Aitazame na ile koili aliyochomoa: mpira wake ukiwa umelowa oili, gasketi ya kava la juu inavuja. Kisha afute makosa kwenye mashine, mshuke Ipogolo na mpande tena mjini, mlima ule unatosha. Mkipima na kukuta P0303, ugonjwa umehama na koili: nunua koili moja, basi. Ikirudi P0302, koili haina kosa, aende kwenye plagi, kisha nozeli inayonyunyiza petroli, kisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Kumisi kukiisha, endesha siku kadhaa. P0420 ikirudi, akague kama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni, na sensa yenyewe apime. Hapo ndipo tuongee habari ya masega. Na hayo ya zamani ni mali yako, Mwalimu. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaoyanunua. Akiyataka, thamani yake aitoe kwenye bili. Akikwambia ayatoe akuwekee bomba tupu, kataa. Moshi huo watavuta wanafunzi wako hapo getini.

Miaka ile naanza kazi nilimbadilishia mama mmoja sensa mbili kwa kufuata namba za mashine tu. Kumbe ni mpira wa hewa ulipasuka nyuma ya injini, mahali pa kuingiza kidole. Nilimrudishia hela yake kidogo kidogo kwa miezi minne, na bado inaniuma. Kwa hiyo nakuomba umlipe fundi wako hela ya kupima, mpatane kabla, iwe kazi yenye bei yake. Wengi hawalipwi kwa kupima, ndiyo maana wanakimbilia kuuza spea.

Asichomoe betri ili taa izime. Kumbukumbu za makosa zinafutika nayo. Piga picha kioo cha mashine kwanza. Ukishapanda Ipogolo, niandikie imetoka 2 au 3.