Mwanangu, lile swali lako la juzi

Mwanangu, salamu nyingi za hapa nyumbani. Juzi uliponipigia ukaniuliza lile swali nikajifanya laini inakatika, laini haikuwa na shida, mimi ndo sikuwa na jibu. Ulisema baba, mama anarudi mwezi ujao moja kwa moja na mimi namuona kama mgeni, tangu darasa la tatu mpaka namaliza fomu foo nimemuona mara mbili, kwani hakuwa anaweza kuja? Na mbona kwenye simu ilikuwa ni karo imefika, umesoma, basi?

Sasa naandika, manake kwa kuandika siwezi kukata simu.

Mama yako aliondoka hapa Likoni 2013 kwenda Riyadh, kazi ya nyumba, kontrakti ya miaka miwili, mshahara riyali 900, wakati ule kama elfu 20 na kitu za kwetu. Mpango ulikuwa 2015 arudi tufungue duka yaishe. 2014 serikali ikasimamisha kupeleka kadama, yaani watu wa kazi za nyumba, Saudia sababu ya mateso watu waliyokuwa wakipata huko, na walifanya vizuri sikatai, lakini kwa aliye kule tayari ilimaanisha ukija likizo pengine hurudi tena, na marufuku yenyewe mpaka 2017 ndo ikaondolewa. Angerudi tu angesema liwalo na liwe, ila duka halikuwepo. Zile pesa nilinunua pikipiki nikampa kijana aendeshe bodaboda, miezi minne pikipiki ikaishia gereji na kijana akaishia Malindi. Hii sijawahi kukwambia. Nilipomwambia mama yako alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika kweli, halafu akasema basi naongeza miaka miwili. Hakunitukana hata. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo hapo ukitaka wa kulaumu niko hapa Likoni, wala sijifichi.

Bibi alipofariki 2016 ulikasirika sana hakuja. Bibi alikata roho saa tisa usiku, adhuhuri tukaswali tukamzika, unajua sisi hatuweki maiti. Na kule wakati ule huondoki tu, lazima kafili, yaani yule tajiri aliyekuajiri, akutolee viza ya kutoka na kurudi, paspoti anakaa nayo yeye (haifai kisheria lakini wengi walikuwa wanafanya hivyo). Aliniambia baadae kwamba siku ile kulikuwa na wageni, alikuwa anapika kabsa, ule wali wao wa nyama, huku machozi yanamtoka na madamu akadhani ni vitunguu.

Sasa hiyo ya simu. Saa za kule na za huku ni moja, wewe ukilala saa tatu yeye ndo kwanza anaandaa chakula cha jioni, wale wanakula usiku sana. Simu anaishika saa sita, saa saba. Ananipigia mimi, amelala? amekula? kile kikohozi kimeisha? halafu ananiambia hebu weka simu karibu nae nimsikie. Nakuja chumbani kwako naiweka kwenye mto, wewe unakoroma zako, dakika tano, kumi, mpaka bando inakwisha. Nikisema nimuamshe anasema wacha, kesho shule. Wewe ukawa unamsikia Ijumaa mchana tu, madamu kakaa palepale, ndo hizo karo imefika, umesoma.

Na karo yenyewe, ulipoingia fomu wani 2019 ilikuwa 53,554 kwa mwaka, ni zaidi ya mishahara yake miwili kabla hujanunua hata soksi.

Unavikumbuka vile viatu vyeusi? Uko darasa la sita, akaniambia nichore mguu wako kwenye karatasi nimtumie picha. Nikatuma, akasema sasa hapa saizi nitaijuaje, nikaweka biro pembeni nikapiga tena. Akaenda nayo dukani biro ya aina ileile akawa anapimia viatu, muuzaji anamuangalia tu. Vikaja na mama mmoja wa Ukunda aliyemaliza kontrakti, miezi saba baadae, mguu ushakua. Ulilia ukavitupa uvunguni. Mimi nikamwambia vimekukaa sawasawa, na mpaka leo anajua ulivivaa vikaisha.

Sikwambii umrukie shingoni eapoti, miaka 12 ni mingi na yeye anajua, mwenyewe ameniuliza kama bado unakula samaki ama uliacha. Nikamwambia muulize mwenyewe.

Viatu viko juu ya kabati, kwenye boksi lake. Niviondoe kabla hajafika ama niviache, niambie wewe. Ndege inatua Mombasa Jumamosi alfajiri, kwa hivyo utoke Eldoret Alhamisi, usingoje Ijumaa mabasi yajae, nauli nakutumia kesho.

Baba yako.