Wasomaji Wanauliza: Jina la Mji Hujengwa na Nani?

SWALI: Nauza sahani na picha za shaba iliyofuliwa hapa Lubumbashi. Wageni wengi wanaujua mji wetu kwa migodi na klabu ya soka ya TP Mazembe tu. Kuna wanaosema tuite kampuni ya matangazo ituchoree nembo na kututungia kaulimbiu. Meya na wakuu wa komini (sehemu za utawala za mji) wana kazi gani hapo? (Fundi, Kamalondo)

JIBU: Ndugu fundi, kampuni itachora nembo vizuri. Haitaondoa takataka mbele ya soko, haitawasha taa za barabarani, wala haitamwonyesha mgeni njia ya kufika karakana kwako. Hayo ni ya mji na komini zake saba, na ndiyo mgeni atakayosimulia akirudi kwao.

Kazi ianze kwa kuuliza. Wakazi 50 katika kila komini, halafu wasafiri wa uwanja wa ndege wa Luano na madereva wanaotokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Maswali matatu yanatosha: Lubumbashi ni nini kwako? Ungemwonyesha mgeni nini? Kitu gani kinakuaibisha? Majibu ya swali la tatu ndiyo ya thamani zaidi, maana yanazipa komini orodha ya kazi kabla faranga moja haijaenda kwenye bango.

Kisha lichaguliwe jambo moja. Hapa ndipo miji mingi hukwama: kila ofisi inataka lake litajwe, kaulimbiu inajaa maneno, hakuna anayeikumbuka. Kwa maoni yetu Lubumbashi isiiache shaba, ila itangulize ile inayopita mikononi mwa fundi. Tangu 2015 mji umo katika Mtandao wa Miji Bunifu wa UNESCO kwa ufundi na sanaa za jadi, na Biennale yake, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ilianza 2008. Sifa hiyo iandikwe kwenye vibao vya kuingilia mjini, na mafundi wapewe mahali pa kudumu pa kuuzia.

Nembo yenyewe ijaribiwe kwa mhuri na fotokopi: ikipunguzwa hadi sentimita 2, nyeusi kwa nyeupe, bado inasomeka? Rangi zisifanane na za chama chochote cha siasa, la sivyo meya atakayefuata ataing'oa. Uamuzi upigiwe kura na baraza la mji, chombo kinachotambuliwa na sheria ya ugatuzi ya 2008. Tangazo la meya peke yake huondoka naye.

SWALI: Mrabaha wa madini (malipo ya kampuni za migodi kwa madini wanayochimba) unaweza kulipia kazi hiyo? (Msomaji, Ruashi)

JIBU: Kwa sehemu tu. Kanuni ya Madini ya Kongo, iliyorekebishwa 2018, inaugawa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 komini, sekta (eneo la vijijini) au shefferi (eneo la chifu) yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 imefungwa kwenye miundombinu ya msingi ya jamii. Kununua mabango au kulipia tamasha kwa fedha hizo ni kuvunja kanuni. Mifereji, taa na vyoo vya soko vinaruhusiwa, na mgeni huviona kabla ya nembo. Vibao vipewe mstari wao katika bajeti ya mji, pamoja na fedha za kuviosha na kuvipaka rangi upya kila mwaka kabla ya Novemba, mvua hazijakolea.